Kivuli Kabla ya Dawa: Mabaka Meusi ya Uso Thika na Ruiru

Saa saba mchana, kando ya barabara ya kutoka Thika, mwavuli mkubwa wa muuza mananasi umefunika mananasi. Mwenyewe yuko nje ya kivuli, kisu mkononi, na kila gari linapopunguza mwendo huinuka akakimbilia dirishani na mifuko miwili ya vipande vilivyomenywa. Ukisimama naye kwa karibu unaona mashavuni mwake mabaka mawili ya rangi ya kahawa iliyokolea, moja kulia na moja kushoto, yamelingana kama viganja viwili vilivyobandikwa hapo. Juu ya mdomo kuna mstari mwingine mweusi ambao kwa mbali ungeudhania masharubu. Hayamwashi, hayamuumi. Yalianza akiwa na mimba ya mwanawe wa pili, naye akadhani yataondoka na mimba. Mtoto huyo sasa yuko gredi ya tatu.

Nilimuuliza kwa nini mwavuli ameuelekeza kwenye mananasi. Akacheka. "Nanasi likiungua jua, nani atalinunua?" Kisha akanihesabia kwa vidole vitu alivyopaka usoni tangu mabaka yatokee: sabuni ya karoti, krimu ya mrija, krimu ya mkebe, maji ya ndimu, dawa ya meno, mchanganyiko aliopimiwa dukani. Vidole vya mkono mmoja viliisha, akahamia wa pili. Kofia haikuwamo katika hesabu yake.

Kitabibu mabaka hayo huitwa melasma, neno lenye asili ya Kigiriki linalotokana na weusi. Hayaui, hayaambukizi na si saratani. Dawa zake kuu zinajulikana kwa miaka 50. Hata hivyo, wanawake wengi wa Thika na Ruiru wanaougua mabaka haya wameumizwa zaidi na walichopaka kuliko baka lenyewe. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba tumelichukulia baka kama uchafu wa kusuguliwa, ilhali ni ngozi hai inayoitikia mwanga. Ngozi hiyo inahitaji kivuli kwanza. Krimu ina kazi yake, lakini nafasi yake ni ya pili, na anayeitanguliza hujikuta akirudi dukani kila mwezi.

Rangi inatoka wapi

Sehemu ya chini ya tabaka la juu la ngozi ina seli zinazotengeneza rangi, ziitwazo melanosaiti. Mtu mweusi na mtu mweupe wana idadi inayokaribiana ya seli hizi. Kinachowatofautisha ni wingi na ukubwa wa chembe za rangi, yaani melanini, na namna zinavyosambazwa. Kazi ya melanini ni ya mwavuli: hukaa juu ya kiini cha seli na kuzuia miale ya jua isikiharibu. Mwanga ukizidi, rangi huongezwa. Ndiyo maana mtu hurudi kutoka shambani akiwa mweusi zaidi ya alivyokwenda.

Katika melasma, seli za sehemu fulani za uso hupoteza kiasi. Huwa kama mlinzi wa geti aliyewahi kuibiwa: paka akipita, anapiga kengele. Mwanga kidogo unaleta rangi nyingi, na rangi hiyo hubaki hata mwanga ukiondoka. Sehemu zenyewe ni zilezile kwa watu wengi, yaani mashavu, paji la uso, mgongo wa pua, juu ya mdomo na kidevu, na mara nyingi pande mbili za uso hulingana. Rangi iliyo karibu na juu huondoka kwa urahisi zaidi. Iliyozama kwenye tabaka la ndani hukaidi kwa miaka, na kwa watu wengi zote mbili zimechanganyika.

Vitu vitatu hushirikiana kuamsha seli hizo. Cha kwanza ni urithi: mwulize mwenye mabaka kuhusu mama yake au shangazi zake, na si ajabu kusikia kwamba nao walikuwa nayo. Cha pili ni homoni. Wakati wa mimba, estrojeni na projesteroni hupanda sana, na mabaka yanayozuka hapo yameitwa tangu zamani barakoa ya mimba. Kwa wengi hufifia miezi kadhaa baada ya kujifungua, kwa wengine hukaa. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili pia vinajulikana kuyaleta. Cha tatu ni mwanga, na huo ndio unaoviunganisha vyote. Mwenye urithi na homoni lakini asiyepigwa na jua anaweza kuishi bila baka.

Hapa pana tahadhari. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba njia zinazotumiwa zaidi na wanawake wa Kenya walio katika ndoa ni sindano na vipandikizi. Hizo zina homoni ya aina moja tu, ya kundi la projesteroni, na ushahidi dhidi yake si mzito kama ulio dhidi ya vidonge vya homoni mbili. Mwanamke anayeona baka limezuka baada ya kuanza njia fulani aende kwa muuguzi wa kliniki wazungumze kuhusu kubadilisha, pengine ahamie koili isiyo na homoni. Asiache ghafla na kukaa hivihivi. Mimba isiyotarajiwa italeta homoni nyingi kuliko sindano yoyote, na hapo atakuwa ameruka majivu akakanyaga moto.

Wanaume nao hupata melasma, ingawa kwa uchache. Mwendesha boda boda anayeshinda stejini hana mimba wala vidonge, lakini urithi na jua vinamtosha.

Jua la nyuzi moja kusini

Thika iko takriban nyuzi moja kusini mwa ikweta, mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, na Ruiru haiko mbali na kimo hicho. Hali hizo mbili zina maana kubwa kwa ngozi. Karibu na ikweta jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima. Kadiri unavyopanda, hewa ya kuchuja miale ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye chupa, hupungua. Makadirio ya kawaida ni kwamba miale hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ajikinge fahirisi ya UV inapofika 3, na huiita hali ya kupindukia inapofika 11. Kwenye nyanda za juu za ikweta, mchana usio na mawingu hufika hapo bila shida.

Kinachowapoteza watu wa Kiambu ni baridi. Mwezi wa Julai mawingu hutanda, watu huvaa sweta mbili, na hakuna anayefikiria jua. Lakini joto na urujuanimno ni vitu viwili tofauti. Sehemu kubwa ya miale hiyo hupenya mawingu mepesi. Mwuza mboga wa sokoni aliyejikunja kwa baridi asubuhi nzima anaweza kuondoka na mwanga mwingi usoni bila kuhisi kitu.

Kuna jambo jingine ambalo hata vitabu vya kitabibu vililipuuza kwa muda mrefu, nalo ni mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mwanga huo peke yake hutia weusi usioondoka upesi kwenye ngozi yenye rangi nyingi, ilhali ngozi nyeupe sana haikubadilika. Kwa Mwafrika hii si habari ndogo. Kioo cha dirisha huzuia sehemu ya miale inayochoma, lakini aina ya urujuanimno inayozama ndani zaidi hupita, na mwanga wa kawaida hupita karibu wote. Kwa hiyo kukaa ndani ya gari au ofisi yenye dirisha kubwa si kukaa kivulini.

Chukua abiria wa matatu wa Ruiru. Barabara ya Thika inatoka Nairobi ikielekea kaskazini mashariki. Anayekwenda mjini asubuhi ana mashariki upande wa kushoto. Akirudi alasiri, gari limegeuka na jua nalo limehamia magharibi, ambako sasa ndiko kushoto. Abiria anayependa dirisha la kushoto hupigwa na jua shavu lilelile kwenda na kurudi, mwaka baada ya mwaka. Kuhamia kulia, au kuvuta pazia, hakugharimu hata shilingi.

Kisha kuna kazi. Thika na Ruiru ni miji ya viwanda, mashamba ya maua, mananasi, kahawa, ujenzi na biashara ya kando ya barabara. Wafanyakazi wa maua wako chini ya plastiki, lakini plastiki hiyo imewekwa ili mwanga upite, na joto la ndani nalo hushukiwa kuchochea mabaka. Wengine wako wazi kabisa. Nchi yetu imeipa sekta nzima ya ajira jina la jua kali, kwa sababu mafundi wa kwanza walifanyia kazi peupe bila paa. Tumelitamka neno hilo mara nyingi mpaka tumesahau kwamba lilikuwa maelezo ya hali ya hewa.

Si kila weusi ni melasma

Kosa la kwanza hutokea kabla ya mkebe wowote kufunguliwa, pale mtu anapojitajia ugonjwa kwa kioo cha bafuni. Weusi wa usoni una vyanzo vingi. Chunusi zikipona huacha madoa yaliyotawanyika ovyo, kila doa pale palipokuwa na chunusi, na hayo hufifia mtu akitibu chunusi na kuacha kuziminya. Vijipunje vidogo vyeusi vilivyoinuka mashavuni, ambavyo bibi, mama na binti wote wanavyo, ni jambo la ukoo na havina madhara. Ngozi nene, nyeusi na laini kama mahameli kwenye shingo, kwapani au pembeni mwa paji mara nyingi ni dalili ya mwili kushindwa kutumia insulini vizuri, na kinachotakiwa hapo ni kupima sukari. Wekundu au weusi wa mashavuni unaoambatana na maumivu ya viungo, uchovu na ngozi inayochubuka juani waweza kuwa lupasi, ugonjwa wa mwili mzima usiongoja krimu.

Uko pia weusi unaoletwa na dawa ya kuondoa weusi. Mwaka 1975 daktari wa Afrika Kusini aitwaye Findlay alieleza hali aliyoiona kwa wanawake waliopaka haidrokwinoni kwa muda mrefu: ngozi ya mashavu na kuzunguka macho iligeuka ya samawati iliyokoza, yenye vijipunje vidogo vigumu. Huitwa okronosi. Ubaya wake ni kwamba mwenye nayo hudhani melasma yake imezidi, akaongeza krimu ileile. Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990.

Daktari mwenye kifaa cha kukuzia ngozi hutofautisha mengi ya haya kwa dakika chache. Bila kifaa, swali moja husaidia: je, pande mbili za uso zinalingana? Kama hazilingani hata kidogo, huenda hiyo si melasma.

Mkebe usio na jina

Ingia duka lolote la vipodozi lenye shughuli katika mji wa Ruiru siku ya Jumamosi. Rafu zimepangwa kwa rangi, chungwa, kijani na waridi, na nyuso zilizo juu ya maboksi ni nyeupe kuliko za wateja wote waliomo. Dada wa kaunta hamwulizi mteja anaumwa nini. Anamtazama shavu. "Hizo zinatoka, siste. Wiki mbili tu." Anafungua mikebe mitatu, anachota kijiko hapa na pale, anakoroga ndani ya kikopo cheupe, anakifunga. "Hii ni ya usiku. Asubuhi unaosha." Kikopo hakina jina, hakina tarehe, hakina kiambato hata kimoja kilichoandikwa. Watanzania wameipa bidhaa ya aina hii jina linaloieleza vyema kuliko maabara: mkorogo.

Na kweli, wiki mbili zikipita, baka huwa limefifia. Hiyo ndiyo nguvu ya mkorogo, na ndiyo inayowafanya watu wenye akili zao waendelee kuununua. Kinachofanya kazi kwa kasi hiyo mara nyingi ni steroidi kali kama klobetasoli, dawa iliyotengenezwa kwa magonjwa ya ngozi yaliyoshindikana na isiyofaa kupakwa usoni kwa mazoea. Steroidi hutuliza kila kitu. Lakini baada ya miezi ngozi hukonda kama karatasi ya kufungia mandazi, mishipa midogo hujitokeza, chunusi za ajabu huzuka, nywele huota kidevuni. Ukiacha ghafla uso huwaka moto, ukavimba, na baka hurudi likiwa jeusi zaidi. Mtu hurudi dukani. Ikipakwa sehemu kubwa ya mwili kwa muda mrefu, steroidi huingia kwenye damu na kupandisha presha na sukari.

Kiambato cha pili ni haidrokwinoni, na cha tatu, kibaya kuliko vyote, ni zebaki. Hapa Kenya tuna historia yetu wenyewe. Mwaka 1972 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa madaktari wa Nairobi kuhusu watu wazima 60 waliougua ugonjwa wa figo unaovujisha protini na kuvimbisha mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi walipoziacha, figo zao zilitengemaa. Hakuna aliyekuwa ameinywa zebaki hiyo. Iliingia kupitia ngozi.

Sheria haikulala. Shirika la Viwango la Kenya limekataza zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi, Umoja wa Ulaya uliiondoa haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 2001, Tanzania na Rwanda zimefanya misako ya krimu hizo madukani, na mkataba wa kimataifa wa Minamata ulioanza kutumika mwaka 2017 unazitaka nchi kuacha vipodozi vyenye zebaki. Lakini krimu hupita mipaka ndani ya mikoba na huuzwa kwa simu, na hakuna mkaguzi anayeweza kusimama juu ya kila kaunta kutoka Githurai hadi Makongeni. Mnunuzi analazimika kuwa mkaguzi wake mwenyewe. Bidhaa isiyoorodhesha viambato iachwe. Jina kalomeli likionekana, hiyo ni zebaki. Na kuna dokezo ambalo Shirika la Afya Duniani limelitaja: maelezo yakisema krimu isiguse dhahabu, fedha, alumini au mpira, zebaki yaweza kuwamo. Krimu inayoharibu pete itafanya nini kwenye figo?

Kuna jambo ambalo mahubiri dhidi ya kujichubua hulikosa. Mama wa mananasi hataki kuwa mweupe. Anataka shavu lake lifanane na shingo yake. Anayetafuta rangi ya kuzaliwa nayo na anayetafuta rangi ya wengine hukutana kwenye rafu moja, wakauziwa kikopo kimoja, na kesho wote wawili wakachekwa pamoja. Ndiyo maana mwenye melasma hujificha. Majirani humdhania anajichubua, au amepigwa na mume, au ana maradhi asiyoyasema. Mwaka 2003 wataalamu walichapisha dodoso maalumu la kupima jinsi melasma inavyoathiri maisha ya mtu, namna anavyojisikia mbele za watu na anavyokwepa mikusanyiko, kwa sababu waliona ukubwa wa baka hauelezi ukubwa wa maumivu. Kumwambia mtu wa namna hiyo "jikubali ulivyo" ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Ngazi ya tiba

Tiba ya melasma hupandwa kama ngazi, na kipandio cha kwanza ni kuzuia mwanga. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, si ile ya kepi inayoacha mashavu nje, ndiyo kinga rahisi kuliko zote, na kwenye mitumba ya Thika hupatikana kwa bei ya nauli ya siku. Mwavuli na leso iliyoshushwa vizuri hufanya kazi ileile. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ndio wakati wa kuvitumia bila kukosa.

Juu ya hapo huja mafuta ya kukinga jua, sanskrini kwa lugha ya dukani. Yawe na kinga ya 30 au zaidi, yazuie aina zote mbili za urujuanimno, na kwa mwenye melasma yawe na rangi ya ngozi. Rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, nayo ndiyo inayokinga dhidi ya ule mwanga wa kawaida ambao mafuta meupe huuacha upite. Majaribio ya kulinganisha yameonyesha mabaka hufifia vizuri zaidi kwa wanaotumia aina yenye rangi. Pia huondoa lile tatizo la Mwafrika kuonekana amepakwa majivu.

Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili iliyojaa juu ya vidole viwili, kama mililita moja hivi. Anayekaa nje arudie kila baada ya saa mbili. Hapa hesabu inauma. Chupa ya mililita 50 kwenye famasia nyingi hupita shilingi elfu moja. Ukipaka mara mbili tu kwa siku, itakwisha siku ya 25. Kwa kibarua wa shambani hiyo ni mishahara ya siku kadhaa kila mwezi, na kumwambia apake mara nne ni kumdhihaki. Kwa hiyo kwake kofia ndiyo dawa kuu na mafuta ni nyongeza, tofauti na mfanyakazi wa ofisini anayeweza kufanya kinyume chake.

Kipandio cha pili ni krimu za upole. Asidi ya azelaiki hupunguza utengenezaji wa rangi na ni miongoni mwa chache zinazokubalika wakati wa mimba. Niasinamidi, vitamini C na asidi ya kojiki husaidia kwa kiasi. Hakuna hata moja inayoleta matokeo ya wiki mbili.

Kipandio cha tatu ni cha daktari. Mwaka 1975 Kligman na Willis wa Marekani walieleza mchanganyiko wa haidrokwinoni, tretinoini na steroidi. Mpaka leo toleo lake lililopunguzwa makali, lenye haidrokwinoni ya asilimia 4 na steroidi hafifu, ndilo kipimo ambacho dawa nyingine hulinganishwa nacho. Msomaji atashangaa: si ndivyo viambato vya mkorogo? Ndivyo. Tofauti iko kwenye kiasi kinachojulikana, muda uliowekwa, kwa kawaida wiki 8 hadi 12 kisha kupumzika, na jicho la mtu anayeangalia ngozi inaendaje. Mjamzito hapewi. Chumvi ile inayokoleza mchuzi ndiyo inayouharibu ikimiminwa.

Kuna pia kidonge. Mwaka 1979 daktari wa Japani aitwaye Nijo alimpa mgonjwa wa vipele asidi ya traneksamiki, akaona mabaka ya uso yakififia. Dawa hiyo wakunga wanaijua, kwa sababu huzuia damu isimwagike baada ya kujifungua. Kwa melasma hutolewa kwa kiasi kidogo kwa miezi michache. Kwa kuwa inazuia damu iliyoganda isiyeyuke, haifai kwa aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mshipa, na haichanganywi na vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni. Mtu asiazime ya jirani.

Leza na asidi za kubambua ngozi ndizo zinazotangazwa kwa kelele nyingi, na kwa ngozi nyeusi ndizo zenye hatari kubwa. Joto na mchubuko vyenyewe huamsha seli za rangi. Leza mbaya huacha weusi mpya juu ya wa zamani, au madoa meupe yasiyorudi. Ziwe za mwisho, mikononi mwa daktari wa ngozi aliyezoea ngozi za Kiafrika.

Ndimu ya jikoni iachwe jikoni. Juisi yake juu ya ngozi inayopigwa na jua inaweza kuunguza na kuacha weusi wa miezi. Dawa ya meno na magadi huchubua tu.

Juu ya ngazi yote kuna subira. Mabadiliko ya kweli huonekana baada ya wiki 8 au 12. Njia nzuri ya kuyafuatilia ni picha moja ya simu kila mwezi, dirisha lilelile, saa ileile, kwa sababu kioo cha kila siku hudanganya. Na baka hurudi mtu akiacha kivuli. Melasma husimamiwa kama presha, siku kwa siku, kwa miaka.

Nani atazame shavu hili

Madaktari bingwa wa ngozi Kenya ni wachache na wengi wako Nairobi. Kwa mkazi wa Ruiru au Thika, njia ya kawaida ni kuanzia kituo cha afya au hospitali za Level 4 ya Ruiru na Level 5 ya Thika, akapata rufaa hadi kliniki ya ngozi kama ile ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Foleni ni ndefu, na mwenye mabaka hujiona mzaha kuketi kati ya watu wenye vidonda. Dada wa kaunta hana foleni. Hiyo ni faida yake kubwa kuliko bei.

Moshi, Tanzania, walilijibu tatizo hili kwa namna yao. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda, kilichopo katika hospitali ya KCMC, kimewafundisha maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika kutambua na kutibu magonjwa ya ngozi bila kungoja daktari bingwa. Ofisa mmoja wa aina hiyo katika kila hospitali ya Kiambu angefunga mikebe mingi kuliko msako wowote. KCMC hiyohiyo hutengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hapa Kenya serikali huwapa bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hawa wanayahitaji ili wasife kwa saratani, nao wapewe kwanza, bila mjadala. Lakini mpango huo umethibitisha kwamba mafuta haya si anasa ya watalii, na kwamba yanaweza kutengenezwa hapa Afrika Mashariki.

Linalobaki ni kivuli chenyewe, ambacho hakuna famasia inayokiuza. Mfanyabiashara wa kando ya barabara hulipa ushuru wa kaunti kila anapotandika bidhaa zake. Miti ya barabarani, paa la soko linalofika hadi ukingoni, kibanda cha stejini chenye ukuta upande wa magharibi, sare ya shamba la maua yenye kofia ya ukingo badala ya kepi: hivyo vyote ni tiba ya melasma, ingawa hakuna daktari atakayeviandika kwenye karatasi. Mkulima wa Ruiru, mji uliotoa kahawa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, hawezi kuotesha miche ya kahawa kitaluni bila kuitandia kivuli. Anajua ikiungua imekwisha.

Mama wa mananasi naye anajua, na alilijibu swali langu tangu mwanzo. Amefunika kile ambacho soko hukikataa kikiungua. Nilipomuaga alikuwa akiusogeza mwavuli kufuata jua, inchi kwa inchi, na mananasi yote 30 yalikuwa kivulini.